Mzee wa Miti na Simu za Alhamisi

Kazi yangu ilikuwa kupiga simu. Leo nasema hivyo bila aibu, lakini mwanzoni niliona haya hata kuwaambia majirani. Miaka ishirini na kitu nilikuwa muuguzi wa upasuaji hapa Bukavu. Nimeshika taa, nimefunga vidonda, nimehamisha watu wazito kuliko mimi kutoka kitanda hiki hadi kile, mpaka siku mgongo ulipokataa. Ndipo daktari wetu wa upasuaji akaniweka katika kachumba mwishoni mwa ukumbi, meza moja, kiti kimoja, simu ya utafiti na daftari nene. "Utapumzisha mgongo," akaniambia. Mtu aliyezoea kelele za wadi, ukimfungia ndani na simu, hujampumzisha. Umemzika mzima.

Utafiti wenyewe ulihusu utumbo unaojisokota. Huku kwetu milimani ugonjwa huu tunaujua, hasa kwa wanaume waliokwisha kula chumvi nyingi. Utumbo mpana unajizungusha, njia inaziba, tumbo linavimba, mgonjwa hapati choo wala hatoi upepo. Ubaya wake ni kwamba hautambuliwi mapema. Mgonjwa anaanzia kituo cha afya cha kijijini, anaambiwa ni tifoidi, anameza vidonge siku nne. Jirani anasema hapana, huyu amelishwa sumu, basi anapelekwa kwa mtu wa kutapisha sumu. Mwisho anakuja shangazi na ile pampu ndogo ya mpira ambayo haikosekani katika nyumba za Kongo, anamsukumia maji ya majani kwa nyuma, kwa nguvu zote na kwa upendo wote. Anapofika kwetu tumbo limekuwa ngoma, na kila mtu aliyemgusa ana hakika kwamba alimsaidia.

Daktari alitaka kujua mambo mawili. La kwanza, ni dalili gani zinazowapita watu wa vituo vya afya. La pili, wagonjwa wetu wanaishije wakishatoka hapa. Waliopasuliwa hawakumsumbua sana. Waliomnyima raha ni wale ambao alipitisha mpira mrefu kwa nyuma, upepo ukatoka, utumbo ukajinyoosha bila kisu. Hao wanasikia wamepona siku hiyo hiyo, wanataka kwenda nyumbani, na ukweli ni kwamba kile kipande cha utumbo kinapaswa kukatwa kabla hakijajisokota tena. Je, wanaweza kungoja nyumbani kwanza? Wiki mbili? Miezi mitatu? Katika mji wenye vitanda vichache, swali hilo si dogo.

Jibu lingetoka katika daftari langu. Kila mgonjwa alikuwa na visanduku vitatu: mzima, amekufa, hajulikani. Napiga simu siku ya thelathini, kisha mwezi wa tatu, kisha mwezi wa sita. Akiwa amekufa, faili linafungwa na simu hazipigwi tena. Karatasi ya maelekezo ilisema kila simu ichukue dakika tano. Dakika tano! Aliyeandika hayo hakuwahi kumpigia mtu wa Kabare. Dakika tano hazitoshi hata kuulizana habari za mvua.

Lazima niseme nilivyokuwa mwaka ule, maana bila hilo mtu hatanielewa. Mke wangu na binti zetu wawili walivuka mto Ruzizi hadi Burundi, mwezi ule mji ulipotekwa na kubadilisha wenyewe. Mimi nilibaki kwa sababu ya kazi, tukasema ni kwa wiki chache. Kutoka Bujumbura wakaenda mbali zaidi, na wiki chache zikawa zile tunazozijua sote. Nyumba yetu ya Kadutu ina vyumba vitatu. Nilikuwa natumia kimoja. Nilipika sufuria moja ya maharagi ikanilisha siku tatu, na siku ya tatu nilikula nimesimama. Jumapili walinipigia, wakauliza kama niko salama, nikajibu niko salama. Kazini watu waliniheshimu na hawakunihitaji. Upweke ulinifanya mkali. Nilimfokea mfagiaji kwa sababu alikuwa anaimba.

Mzee wa Miti, kijiji kilicho juu ya mji, nilimkumbuka kutoka wadini. Mtu mrefu, mwembamba, mwenye masikio makubwa. Alipowekewa mpira upepo ulitoka kwa kishindo hadi wagonjwa wa vitanda vya jirani wakacheka, na yeye, aliyekuwa amekufa macho dakika moja kabla, akacheka kuliko wote. Daktari alitaka ampasue wiki ile ile. Mzee akakataa. Maharagi yake yalikuwa yamefika kuvunwa, akasema atavuna kwanza, atarudi baada ya wiki mbili. Mke wake hakusema neno. Alikunja mablanketi, akayaweka ndani ya kitunga, akanipa namba ya simu yake polepole, tarakimu moja moja, akinitazama kama naiandika vizuri.

Siku ya thelathini nikapiga. Ilikuwa Alhamisi, saa nne ya asubuhi.

"Jambo, maman. Ni hapa ku hopitali, Bukavu. Muzee iko muzuri?"

"Iko muzuri, dokta."

"Anakula?"

"Anakula."

"Tumbo haijavimba tena?"

"Hapana, dokta. Haijavimba tena."

Nikaomba nimsalimie mwenyewe. Akasema yuko shambani. Nikatia alama kwenye kisanduku cha kwanza, nikataka kuaga, naye akauliza, "Na wewe, ulishakula?"

Hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo kwa miezi. Nikasema bado. Akasema haifai mutu kufanya kazi na tumbo wazi, tena kazi ya kuuliza watu juu ya matumbo yao. Nikacheka. Nilishtuka kusikia mwenyewe ninavyocheka katika kachumba kale.

Alhamisi iliyofuata nikapiga tena. Karatasi haikuniagiza. Nilijiambia ni kwa sababu mzee hakurudi kupasuliwa, na ni wajibu wangu kumkumbusha. Ilikuwa kweli nusu. Akaniambia mzee anasema maharagi bado hayajakauka. Alhamisi nyingine mzee alikuwa ameenda kumwangalia ng'ombe wa ndugu yake. Nyingine alikuwa anatengeneza ua, mbuzi wameuvunja, na anamlaumu mke wake kana kwamba yeye ndiye aliyewatuma. Mzee alinitumia hata ujumbe.

"Muzee anasema ule mupira mulimutiaka, mumupatie. Atafungia naye mbuzi."

"Umuambie akuje kuuchukua yeye mwenyewe, na tumukate ile kipande."

"Nitamuambia. Lakini unamujua, kichwa ngumu."

Basi nikawa namjua. Nilijua anapenda sombe, kisamvu cha kwetu, yenye mawese mengi, hataki kuvaa koti hata asubuhi ya ukungu, anasali kwa sauti kuliko wote katika shirika lao la mtaa, jumuiya yao ya kanisa. Mimi nilimweleza maman yule habari za Kadutu, mvua iliyobomoa ukuta wa jirani, binti yangu mdogo anayejifunza lugha mpya na kuanza kuikosea ya kwetu. Wiki yangu ilikuwa na siku moja tu. Jumatano jioni nilikuwa natengeneza maneno ya kumwambia. Asiyewahi kuishi hivyo atanicheka, na acheke.

Kila mara niliomba kuongea na mzee. Kila mara alikuwa ametoka. Je, nilishuku? Nimejiuliza sana. Nadhani sehemu fulani yangu ilisikia kitu na nikaiambia inyamaze, kwa sababu mzee akija kwenye simu mimi na mke wake tungebaki na dakika chache tu za kuongea.

Daktari alikuwa akipita Ijumaa kutazama daftari. Safu ya "mzima" ilimfurahisha. Alikuwa anatayarisha kuzungumza mbele ya madaktari wenzake, kuwaonyesha kwamba watu wetu wakinyooshwa utumbo kwa mpira wanaweza kungoja nyumbani kwa usalama. Mzee wa Miti alikuwa mfano wake mkubwa. "Miezi minne bila kisu," alisema akigonga ukurasa kwa kidole, na mimi nilivimba kichwa kama ndiye niliyemponya.

Ndipo akaja mchimba dhahabu kutoka Kamituga. Kijana wa miaka thelathini hivi, mikono yenye makovu, siku mbili njiani, tumbo limejaa. Utumbo wa vijana haujisokoti mara kwa mara, lakini wake ulijisokota. Mpira ukapita, upepo ukatoka, kesho yake, Ijumaa asubuhi, akawa anadai suruali yake. Daktari akamwambia atapasuliwa Jumatatu.

"Hapana, dokta," akasema. "Nikikosa juma mbili mu shimo, ekipe ya wenzangu itaweka mutu mwengine mu nafasi yangu. Niende kwanza, nitarudia."

Daktari akasitasita. Kisha akanigeukia, maana nilikuwa nimekuja kuandika namba ya simu ya kijana.

"Yule mzee wa Miti ana muda gani sasa?"

"Miezi minne na nusu."

"Na ni mzima."

"Alhamisi alikuwa anatengeneza ua," nikasema.

Daktari akamtazama kijana, akamtazama tena. "Wiki tatu," akasema. "Zikipita wiki tatu hujarudi, mimi mwenyewe nitakuja kukutoa shimoni." Alipoondoka mimi nilibaki pale kitandani nikamsimulia kijana habari za mzee, mbuzi, ua, mpira, yote. Nilisimulia vizuri. Kijana alicheka akishika tumbo. "Kama muzee anaweza, mimi je?" akasema. Akapanga kuondoka Jumamosi alfajiri na mwendesha moto, pikipiki, wa kwao.

Ijumaa ile ile daktari aliniomba niende Miti siku inayofuata, nimpige mzee picha mbele ya ua wake na kumpa karatasi ya ruhusa atie kidole. Nilifurahi kupita kiasi. Nilinunua sukari, sabuni na kofia ya sufi ya kumkinga yule mkaidi na ukungu. Nilinyoa ndevu. Niliona kama naenda kwa ndugu.

Miti si mbali, lakini barabara ilikuwa imelowa, nikafika saa nne na nusu. Kando ya njia wanawake walikuwa wameketi na kabichi zao. Niliposema jina la mzee walinyamaza wote. Mmoja, mwenye mtoto mgongoni, akasimama, akaacha kabichi zake kwa wenzake, akatangulia mbele yangu kupanda kilima bila kunisemesha. Nilidhani ana haya.

Kiwanja kilikuwa kimefagiwa. Ua ulikuwa umeanguka upande mmoja, na si jana. Karibu na migomba kulikuwa na tuta la udongo lenye msalaba wa mbao, na majani yalikuwa yameota juu yake tayari, marefu. Niliyaona. Macho yangu yaliyaona vizuri kabisa, na bado mdomo wangu ukasema, "Jambo, maman. Muzee iko?"

Mke wa mzee, aliyekuwa ametoka mlangoni, alikuwa mdogo kuliko sauti yake ya kwenye simu. Alinishika mikono yote miwili.

"Ikala kwanza, dokta."

Nikakaa. Akaniletea kasiksi katika kikombe cha plastiki, pombe ya ndizi ya siku mbili, akasema ninywe. Nikanywa. Mimi ni mtu wa huku, najua habari gani hungojea mgeni akae na alowanishe koo. Kwetu kifo hakiambiwi mtu aliyesimama. Nilipoweka kikombe chini akasema mzee alikufa.

"Lini?"

"Siku ya tisa tangu tutoke kwenu."

Siku ya tisa. Simu yangu ya kwanza ilikuwa ya siku ya thelathini. Hakukuwa na maharagi yaliyokataa kukauka. Hakukuwa na ng'ombe wa ndugu wala ujumbe wa mpira. Kwa miezi mitatu na nusu nilikuwa nauliza habari za tumbo la mtu aliyekuwa chini ya majani yale.

Hasira ilinipanda kabla ya huzuni. Ndivyo nilivyo. Nilisimama nikamfokea yule mjane katika kiwanja chake mwenyewe, mbele ya mwenzake wa kabichi.

"Maman, ulinidanganya! Nimeandika kila kitu! Kuko mutu ametoka hopitali leo juu ya maneno yako!"

Hakuinua sauti. "Dokta, kufa haisemwaka mu telephone. Nilijua mutakuja. Mutu akikufa, watu ya hopitali wanakuja ku pole, njo tunawaambia. Niliwangojea."

"Lakini nilikuuliza! Nilikuuliza wazi!"

"Ulinisalimia," akasema. "Ulisema, muzee iko muzuri? Mutu anajibu nini ku salamu?"

Alikuwa na haki. Niliwapigia wote namna ile ile. Mimi mwana wa nchi hii, niliyejua fika jibu la salamu, nilichukua salamu nikaiandika kama kipimo.

Akakaa mbele yangu, akakunja mikono juu ya kitenge. "Na tena ulipiga juma ya pili," akasema, "na ya tatu. Watoto wangu iko mbali. Hapa watu wamechoka kusikia jina ya muzee. Wewe ulikuwa unaniuliza alikula nini. Ningesema amekufa, ungenipigia tena?"

Visanduku vitatu vikanijia machoni. Faili linafungwa.

Nikamuuliza alivyokufa, na safari hii nikauliza kama mtu anavyouliza. Tumbo lilianza kuvimba siku ya saba. Mzee alisema litashuka. Siku ya nane walimwekea maji ya majani. Siku ya tisa wanaume wa shirika wakamlaza kwenye kipoyo, machela ya mabegani, kumshusha barabarani, yeye mke akitembea kando akimshika mkono, na kabla ya kufika barabarani ule mkono ukalegea.

Nilikuwa nimekwisha toa simu. Wadini wakaniambia kijana wa Kamituga aliondoka tangu alfajiri. Nikapiga namba yake. Mara ya kwanza haikupita, mara ya pili haikupita. Mara ya tano akapokea, kelele za watu nyuma yake. Walikuwa wamekwama kwenye tope ng'ambo ya Walungu, wanavuta lori lililoziba njia.

"Dokta! Unanifuata mpaka huku?"

Nikamwambia arudi leo hii. Nikamwambia mzee wa Miti amekufa, nilikosea, tumbo lake litajisokota tena. Akacheka, lakini si kicheko cha kitandani.

"Jana ulisema iko anatengeneza ua. Leo unasema alikufa. Kesho utasema nini? Dokta, sema tu munataka kunipasua."

"Nakuapia mbele ya Mungu."

"Na jana haukuapa?"

Hilo nalo lilikuwa haki yake. Nilianza kubabaika, nikataja kitaalamu mambo ya mishipa na damu, na nilipokuwa nasema nilisikia anaanza kuniaga. Ndipo mjane akanyoosha mkono.

"Lete," akasema.

Alishika simu kwa mikono miwili, mbele ya mdomo, kama watu wasioiamini wanavyoishika, ingawa aliongea nayo na mimi miezi mitatu na nusu. Akamsalimia kijana. Akamuuliza mama yake anaishi wapi. Yule wa kabichi aliyesimama mlangoni akafunika mdomo kwa kiganja, maana alijua kinachokuja.

"Mutoto wangu, mimi njo bibi ya ule muzee ya Miti wanakuambiaka. Muzee wangu alikufa. Hawakunituma kusema hivi, niko mu kiwanja yangu, kaburi yake iko hapa. Alikufa siku ya tisa. Yeye pia alicheka vile, yeye pia alisema iko na kazi. Mimi nilimusikiliza, nikakunja mablanketi. Nilipashwa kukataa, sikukataa. Rudi, mutoto wangu. Mama yako asinipigie kesho na kilio."

Sijui kijana alijibu nini kwanza. Nilisikia tu mjane anasema "aksanti, aksanti," kama tunavyopokea pole. Kisha akanirudishia simu, na kijana alikuwa bado yuko hewani. "Dokta," akasema kwa sauti ndogo, "nageuza moto."

Mjane alikuwa akifuta mdomo kwa ncha ya kitenge. "Hiyo neno," akaniambia, "nilikuwa sijaitoa mu kinywa yangu tangu tumuzike. Hapa wote walimuona, hawakuniuliza. Wewe peke ndiye ulikuwa hujui." Akainuka kama mtu anayetafuta kitu ndani, akafika mlangoni, na kilio kikamtoka pale. Kilikuwa kilio cha msiba wa siku hiyo hiyo. Wanawake walipanda kutoka mashambani na majembe mikononi, wakakaa chini, nami nikakaa kati yao. Nililia pia. Kwa mzee, ndiyo, na kwa aibu. Lakini nitasema ukweli, nililia zaidi kwa ajili ya Alhamisi zangu. Nilipoondoka nilimwachia sukari na sabuni. Kofia niliona haya kuitoa mfukoni, naye aliiona, akaichukua, akaiweka juu ya msalaba.

Kijana alifika wadini Jumapili, matope hadi kiunoni. Jumatatu alipasuliwa. Daktari alinifungulia mlango nione. Utumbo ulikuwa umeanza tena kujizungusha, na kipande kimoja kilikuwa na rangi ambayo wauguzi wa zamani hatuisahau. Hazikufika hata siku tatu tangu atoke wadini. Nilimwona mwenyewe akitembea ukumbini siku zilizofuata, ameshika ukuta, ananitukana kwa utani. Alitoka kwa miguu yake. Hilo sikuuliza kwa simu.

Daktari nilimwambia yote siku ile ya Jumatatu, kabla hajaingia kupasua. Alivua miwani, akaifuta muda mrefu.

"Wangapi wako hivyo katika daftari?"

"Sijui. Niliwasalimia wote namna moja."

Nilitegemea anifokee, ningejua la kufanya. Alichukua tu karatasi za hotuba yake akaziweka kando dirishani, akasema tuanze upya, kwa miguu. Msimu wote wa mvua nilizunguka vilima na mgongo wangu mbovu, na sukari na sabuni mfukoni, nikikaa kwanza, nikinywa kwanza. Wengine walitoka nje kunipokea wenyewe, nikawashika tumbo. Kwingine nilikaribishwa kiti na wajane. Sasa daktari haruhusu mtu kutoka kabla ya kisu, hata alie vipi, na wakunga na wauguzi wa vituo vya afya wanajifunza kupapasa tumbo kabla ya kusema tifoidi. Ni kazi njema, nasema bila kutia chumvi.

Faili la mzee nililifunga siku ile ile. Amekufa, siku ya tisa. Daktari akatia sahihi. Simu ya utafiti haikuwa tena na sababu ya kupiga Miti.

Alhamisi saa nne nikapiga kwa simu yangu mwenyewe. Iliita mpaka ikakatika. Alhamisi ya pili vile vile. Nilikasirika. Nilisema peke yangu ndani ya kachumba kwamba watu hawana shukrani, kwamba nimembebea sukari kilimani na hawezi hata kushika simu, maneno ya mtu mzima anayenuna. Ya tatu ilipokelewa. Sauti haikuwa yake. Ilikuwa ya yule wa kabichi, na mtoto analia karibu naye.

"Hii telephone alinipatia," akasema. "Ilisemea kifo. Anasema hawezi tena kuiweka ku masikio."

Nikamuuliza kama hakuacha neno kwa ajili yangu.

"Aliacha," akasema. "Anasema nyumba unaijua."